Maswali ya Wasomaji: Behewa la Malkia Lirudishwe Katika Hali ya Mwaka Gani?

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya behewa la kifahari alilosafiria Malkia Victoria wa Uingereza, ambalo leo limo katika Makumbusho ya Taifa ya Reli mjini York, pamoja na maelezo mafupi kuhusu kazi ya kukarabati mabehewa ya aina hiyo ili yaonyeshwe kwa umma. Hatukutarajia barua nyingi. Zilizotufikia zinaonyesha kwamba wasomaji wetu, hasa wale walioshika randa na brashi maishani mwao, wana maswali mazito kuliko maelezo tuliyoyatoa, kwa hiyo safu yote ya mwezi huu tumeziachia barua hizo.

SWALI: Niliitazama ile picha nikasikitika. Hariri imefifia na mbao zimepoteza mng'ao. Iwapo makumbusho yana mafundi, kwa nini wasilirudishe behewa hilo lilivyokuwa siku lilipotoka karakana? Mtu akinunua kabati la kale hulipiga msasa na kulipaka vanishi mpya, na hakuna anayemlaumu.

JIBU: Swali lako ni la haki, na kila kamati ya ukarabati hulazimika kulijibu kabla fundi hajagusa msumari hata mmoja. Ugumu ni kwamba behewa hilo halikuzaliwa siku moja. Mwaka 1869 Kampuni ya Reli ya London na North Western iliunda katika karakana yake ya Wolverton mabehewa mawili, kila moja likiwa na magurudumu sita, moja la kukaa mchana na jingine la kulala usiku, yakaunganishwa kwa njia ya kupitia yenye kuta za mikunjo kama mivukuto ya mhunzi. Njia hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini Uingereza, lakini Malkia hakuiamini: alipotaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, treni ilibidi isimame kwanza. Mwaka 1895 miili hiyo miwili iliunganishwa ikawa behewa moja refu juu ya chasisi mpya yenye magurudumu 12, na taa za umeme zikatiwa, ingawa mwenyewe aliendelea kupendelea taa za mafuta na mishumaa.

Sasa fikiria fundi anayeambiwa alirudishe behewa hilo katika hali ya mwaka 1869. Itambidi achukue msumeno alikate katikati, aiondoe chasisi ya mwaka 1895, ang'oe taa na nyaya ambazo nazo zimekwisha kuwa za kale, kisha atafute chasisi mbili za magurudumu sita ambazo hazipo tena na kwa hiyo itamlazimu kuziunda upya. Atakuwa ameharibu kitu halisi alichokitumia Malkia katika miaka yake ya mwisho ili apate mfano wa kitu ambacho hakuna mtu aliye hai aliyekiona. Makumbusho yakifanya hivyo, mgeni atakayelipa nauli ya kwenda York ataonyeshwa kazi ya fundi wa zama zetu na kuambiwa kwamba ni ya zama za Victoria.

Mfano wako wa kabati unanipa nafasi ya kusema jambo ambalo wengi wetu tunaopenda vitu vinavyong'aa hatulipendi, nalo ni kwamba kinachoondolewa na msasa hakirudi. Chini ya vanishi iliyochafuka zimo tabaka za rangi, alama za brashi, pengine hata namba iliyoandikwa kwa penseli na seremala wa Wolverton, na vyote hivyo huondoka pamoja na vumbi. Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1877, wakati mabehewa hayo mawili yangali yakimbeba Malkia, mshairi na msanii William Morris na wenzake waliunda mjini London chama cha kuyalinda majengo ya kale dhidi ya warekebishaji waliokuwa wakikwangua kuta za makanisa hadi zikaonekana mpya. Mwaka 1964 Mkataba wa Venice, katika kifungu chake cha 9, ulitamka kwamba kazi ya kurejesha lazima ikome pale kukisia kunapoanza. Mkataba huo uliandikwa kwa ajili ya majengo na mahali pa kihistoria, lakini wahifadhi wa vyombo vya reli wameuazima, na mimi naona waliuazima kwa busara.

Haya yote yanahusu behewa lililotufikia likiwa kamili. Gofu lisilo na viti, sakafu wala magurudumu lina hukumu nyingine, na barua inayofuata imelifikia jambo hilo.

SWALI: Mimi ni fundi seremala niliyestaafu. Mlisema kwamba mabehewa mengi ya enzi hiyo yaliuzwa yakageuzwa mabanda, vibanda vya bustani na nyumba za mapumziko. Mbao zilizokaa nje miaka 50 au zaidi zitakuwa zimeoza. Je, si afadhali kuziondoa zote na kujenga mwili mpya kwa vipimo vilevile?

JIBU: Shikamoo, Mzee wangu. Ungeingia chini ya mojawapo ya magofu hayo na tochi mkononi, nadhani ungeshangaa kuona ni kiasi gani kilichosalimika. Mabehewa ya daraja la juu ya Uingereza yalijengwa kwa mbao ambazo wewe mwenyewe ungezichagua: kiunzi cha mwaloni au msaji, na kuta za mbao nyembamba za mkangazi wa Honduras zenye unene wa takriban milimita 10. Zaidi ya hayo, watu wengi walionunua miili hiyo waliijengea paa la pili juu ya paa lake ili mvua isivuje, na bila kukusudia wakawa wahifadhi wake wa kwanza.

Uozo una njia zake, na ukizijua hupotezi muda. Dirisha la mlangoni hushuka na kuingia ndani ya mlango wenyewe, na maji ya mvua huteremka pamoja nalo yakakusanyika chini ambako hayana pa kutokea. Kwa hiyo boriti ya chini inayobeba kuta ndiyo huoza kwanza, ikifuatwa na miguu ya nguzo za milango. Mahali pa pili ni paa, ambalo lilikuwa la mbao zilizofunikwa turubai lililolazwa juu ya rangi nzito yenye madini ya risasi: turubai likipasuka, maji hupita taratibu kwa miaka mingi kabla mtu hajaona doa. Sehemu iliyo kati ya madirisha na ukingo wa paa mara nyingi huwa nzima kabisa.

Kwa hiyo mhifadhi haondoi nguzo nzima kwa sababu mguu wake umeoza. Hukata sehemu mbovu kwa mshazari mrefu, akaunga kipande kipya cha mbao ya aina ileile chenye nyuzi zinazoelekea upande uleule, na upande usioonekana akagonga muhuri wa mwaka ili fundi atakayekuja baada ya miaka 80 asidanganyike. Hutumia gundi ya wanyama inayolegea kwa joto na unyevu pale inapowezekana, kwa sababu kiungo kinachoweza kufunguliwa kina heshima zaidi kuliko kinachodumu milele. Wewe unajua kwamba mwaloni una asidi inayokula chuma na kuacha madoa meusi yenye ubuluu. Ndiyo maana skrubu mpya zinazoingia katika mwaloni huwa za shaba, hata pale ambapo za kwanza zilikuwa za chuma, na badiliko hilo nalo huandikwa katika kumbukumbu.

Kuna hatua moja ambayo maseremala wa nyumba huisahau. Mwili wa behewa ulizoea kubebwa na chasisi kwa urefu wake wote, na ulipowekwa juu ya mataruma mawili matatu bustanini ulianza kuinama. Ukifungua kuta kabla ya kuunyoosha, utatengeneza viungo safi kabisa juu ya kitu kilichopinda. Mwili huinuliwa kwa jeki kidogo kidogo, pengine kwa wiki kadhaa, milango ikiwa imekingwa kwa mihimili, mpaka mistari irudi mahali pake. Mbao zilizobunguliwa zinazoweza kutolewa huwekwa katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, na wadudu hufa bila dawa yoyote.

Ikitokea, baada ya hayo yote, kwamba mbao mpya ni nyingi kuliko za zamani, sioni aibu, mradi kibao cha maelezo kiseme hivyo waziwazi.

SWALI: Picha zote za enzi hiyo ni nyeusi na nyeupe. Mnajuaje rangi halisi ya behewa?

JIBU: Picha za enzi hiyo si ushahidi dhaifu tu, bali nyingine hudanganya. Sahani za kupigia picha za miaka mingi ya karne ya 19 zilihisi mwanga wa buluu peke yake, hivyo wekundu ulitoka kama weusi na buluu ikatoka nyeupe. Behewa la Kampuni ya Reli ya Midland, ambalo macho ya watu yaliliona la damu ya mzee, katika picha laweza kuonekana limepakwa lami.

Njia ya kuaminika ni kuitafuta rangi yenyewe. Mhifadhi hutazama pale ambapo msasa wa zamani haukufika: nyuma ya vishikio vya shaba, kwenye kingo za milango upande wa bawaba, chini ya namba zilizopigiliwa baadaye. Hukata punje ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, akaifunga ndani ya resini, akaing'arisha ubavuni na kuiweka chini ya hadubini, na hapo tabaka huonekana zimepangana kama kurasa za kitabu. Tabaka ni nyingi, maana mafundi wa Victoria hawakuwa na haraka. Walianza na rangi ya risasi, wakafuata na mipako kadhaa ya kujazia iliyosuguliwa kwa jiwe jepesi la volkano na maji mpaka ukuta ukawa laini kama kioo, kisha rangi yenyewe, mistari na herufi za dhahabu halisi iliyofuliwa nyembamba, na juu ya vyote vanishi, mpako juu ya mpako. Vanishi bora zilipikwa kwa mafuta ya kitani na sandarusi, yaani utomvu wa miti uliokauka ukawa mgumu, na wafanyabiashara wa London waliithamini mno ile iliyochimbwa ardhini katika pwani ya Afrika Mashariki na kusafirishwa kupitia Unguja. Msomaji wa Kiswahili, kwa hiyo, ana jina la kale kwa kitu ambacho wahifadhi wa Ulaya hukisaka kwa hadubini.

Vanishi hiyo ndiyo pia chanzo cha makosa mengi ya rangi. Hugeuka manjano kadiri inavyozeeka, na ukuta mweupe ulio chini yake huonekana wa krimu. Kampuni ya London na North Western, ambayo mabehewa yake yalikuwa ya zambarau iliyokolea chini na meupe juu, ilitia buluu kidogo ndani ya rangi nyeupe. Anayelinganisha rangi kwa jicho, bila kuiondoa vanishi kwenye sampuli, atapaka behewa lote rangi ya uzee wake.

Tahadhari moja kwa yeyote mwenye gofu la namna hii: usisugue rangi hiyo ikiwa kavu. Karibu kila tabaka lina madini ya risasi, na vumbi lake huingia katika damu. Nchini Uingereza kazi hiyo inatawaliwa na kanuni za mwaka 2002 za udhibiti wa risasi kazini, ambazo pamoja na mambo mengine zinataka damu ya wafanyakazi walio hatarini ipimwe.

SWALI: Kwa nini mabehewa haya huonyeshwa katika mwanga hafifu, na kwa nini wageni hawaruhusiwi kuingia? Nimesafiri mbali nikaishia kuchungulia dirishani.

JIBU: Kwa ajili ya hariri. Dari la behewa la Malkia limefunikwa hariri iliyotiwa pamba ndani na kushonwa kama mfarishi, na hakuna kitambaa kinachouchukia mwanga kuliko hariri. Kiwango kinachokubalika kwa vitambaa vya namna hiyo ni laksi 50, yaani kama mwanga wa chumba chenye taa moja dhaifu. Hariri nyingine za miaka ya mwisho ya karne ya 19 zina ugonjwa wa ziada: watengenezaji waliziongezea uzito kwa chumvi za bati ili zijisikie nzito mkononi mwa mnunuzi, na chumvi hizo huzikausha nyuzi hadi zikapasuka zenyewe hata zikiwa kabatini. Kitambaa kilichofikia hali hiyo hakishonwi kwa nguvu. Hufunikwa wavu mwembamba uliotiwa rangi inayofanana nacho, ukashikizwa kwa mishono michache pale penye nyuzi nzima.

Wageni nao huja na unyevu wa pumzi, vumbi la viatu na vidole visivyotulia. Naelewa uchungu wa kuchungulia dirishani, lakini zulia moja haliwezi kubeba miguu ya kila mgeni wa mwaka mzima.

Pale kitambaa cha kwanza kilipokwisha kupotea, hali huwa tofauti na kwa fundi wa viti huwa ya kufurahisha. Waliobadilisha vitambaa zamani mara nyingi walipigilia kipya juu ya cha zamani, kwa hiyo chini ya matabaka matatu, kwenye kona iliyobanwa na kifungo, huweza kupatikana kipande cha ukubwa wa kiganja chenye rangi yake ya awali. Kipande hicho kinatosha kufumia kitambaa kipya kwa mchoro uleule, juu ya singa za farasi zilezile zilizofuliwa na kuchambuliwa upya.

SWALI: Mwenye mali akisema gofu lake ni la zama za Victoria, mtaalamu huthibitishaje?

JIBU: Husoma majeraha yake. Behewa la kale lina viraka vingi, na kila kiraka kina tarehe yake. Matundu makubwa ya mviringo darini, hata yakiwa yamezibwa, ni ya taa za mafuta zilizotumbukizwa kutoka juu na mfanyakazi aliyetembea juu ya paa. Mabomba membamba yanayopita juu ya paa ni ya gesi, iliyoenea kuanzia miaka ya 1870. Umeme ulijaribiwa mwaka 1881 katika behewa la kifahari la kampuni ya Pullman lililokwenda kati ya London na Brighton, ila behewa la kawaida lenye nyaya kwa kawaida lilitiwa nyaya hizo baadaye. Mabomba ya breki zinazojifunga zenyewe katika treni nzima yalilazimishwa na sheria ya mwaka 1889, iliyopitishwa baada ya ajali ya treni ya Armagh, Ireland, ya mwezi Juni mwaka huohuo, kwa hiyo behewa lililojengwa kabla ya hapo mara nyingi huwa na mashimo yaliyotobolewa kwa pupa ili bomba lipite.

Umbo nalo huzungumza. Behewa la Malkia Adelaide, mjane wa Mfalme William wa Nne, la mwaka 1842, ambalo nalo limo York, kwa nje linafanana na magari matatu ya farasi yaliyogandishwa pamoja, na kitanda chake kiliongezwa urefu kwa kisanduku kilichojitokeza nyuma ili miguu ipate mahali. Mikunjo ya mapambo chini ya madirisha iliendelea kuigiza magari ya farasi kwa miongo mingi baadaye. Njia ya kupitia kutoka behewa hadi behewa, kwa upande mwingine, huashiria miaka ya mwisho: treni ya kwanza ya Uingereza iliyokuwa na njia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho ilianza kazi mwaka 1892 katika Kampuni ya Reli ya Great Western.

Magurudumu ni ushahidi mzuri yakiwapo. Mengi ya mabehewa bora yalikuwa na magurudumu ya Mansell, ambayo katikati yake yana vipande 16 vya msaji vilivyobanwa ndani ya pete ya chuma ili kelele za reli zisimfikie abiria.

SWALI: Behewa likishakarabatiwa, si lingefaa liendeshwe? Chombo cha reli kisichotembea kimekufa.

JIBU: Msemo huo nausikia kila mara kutoka kwa watu wa injini, na kwa baadhi ya mabehewa nakubaliana nao. Behewa namba 353 la daraja la kwanza la Reli ya Metropolitan, lililojengwa mwaka 1892, liliuzwa kwa reli ndogo ya mashambani, kisha mwili wake ukakaa chini bila magurudumu kwa miongo mingi. Makumbusho ya Usafiri ya London yalilipeleka katika karakana ya Reli ya Ffestiniog nchini Wales, likapewa chasisi nyingine, viti vipya na mistari ya dhahabu, na mwezi Januari mwaka 2013 likabeba abiria katika njia za chini ya ardhi za London kuadhimisha miaka 150 ya reli hiyo. Ndani yake hapakuwa na kitu cha asili kilichokaliwa au kukanyagwa ambacho kingeharibiwa na abiria, kwa sababu vitu hivyo vilikwisha kupotea zamani.

Behewa la Malkia halina bahati hiyo, au tuseme halina balaa hiyo. Mtikisiko wa safari moja ungezikata nyuzi za hariri ambazo zimeshikamana kwa desturi tu. Magurudumu na breki zake zingelazimika kubadilishwa ili zikidhi masharti ya usalama ya leo. Na kila kilichobadilishwa kingeishia ghalani. Waliokabidhiwa behewa hilo waliamua lisimame, pazia zikiwa zimeteremshwa nusu.